Kabla ya kuilaumu simu ya mkulima

Mwaka 1976 maabara ya Los Alamos nchini Marekani ilipokea kompyuta ya kwanza ya Cray-1, mtambo wa karibu tani 5 ulioweza kufanya hesabu karibu milioni 160 kwa sekunde. Bei yake ilikuwa mamilioni ya dola. Leo simu janja ya bei ya chini kwenye duka lolote la Bomang'ombe, wilayani Hai, Kilimanjaro, inaupita mtambo ule kwa mbali. Kilichoipa Cray umaarufu, yaani uwezo wa kushika namba nyingi na kuzifanyia hesabu kwa amri moja, kimo ndani ya simu hiyo pia.

Ajabu ni kwamba mwenye simu hafaidi. Mkulima wa Machame anapiga picha ya jani la mgomba lenye madoa, programu ya kutambua magonjwa inazunguka, simu inapata joto, chaji inashuka, kisha kila kitu kinaganda. Jibu analopewa ni lilelile: simu yako ndogo, tafuta kubwa. Jibu hilo linatolewa haraka mno, na mara nyingi linamtwisha mkulima gharama ya kazi ambayo watengenezaji wa programu hawakuimaliza.

Kazi hiyo, ya kuifanya amri moja ishughulikie namba nyingi, inaeleweka vizuri ukitazama mashamba ya mahindi ya tambarare ya Hai, masika yanapokaribia. Kamba inavutwa kukatiza shamba, watu wanajipanga kuifuata, kila mmoja na jembe lake. Wanachimba mashimo kwa pamoja, kamba inasogezwa, wanachimba tena. Amri ni moja, mashimo ni mengi.

Ndani ya prosesa, kamba hiyo ndiyo rejista ya vekta. Kwenye prosesa za Arm, ambazo zimo katika karibu simu zote za Android, rejista hiyo ina upana wa biti 128. Inabeba namba 4 za biti 32 kila moja, au namba 16 za biti 8, na amri moja ya kujumlisha inazigusa zote. Chukua picha ya pikseli milioni 12 inayopaswa kuongezwa mwanga. Ukishughulikia namba moja moja, ni hatua milioni 12 kwa kila rangi. Ukishughulikia 16 kwa mpigo, ni hatua 750,000. Faida halisi huwa ndogo kuliko hiyo, kwa sababu prosesa hulazimika kusubiri data itoke kwenye kumbukumbu, lakini hata nusu yake ni tofauti kati ya programu inayotumika na inayofutwa.

Nani anayetoa amri ya kuvuta kamba? Si mwandishi wa programu, kwa kawaida. Yeye huandika mzunguko wa hesabu unaosema: chukua namba ya kwanza, izidishe, nenda ya pili. Kompaila, ile programu inayogeuza maandishi ya mtaalamu kuwa amri za prosesa, ndiyo inayopaswa kuona kwamba kazi hii yaweza kufanywa kwa mafungu. Ufundi huo si wa jana. David Kuck na wenzake wa Chuo Kikuu cha Illinois, na Frances Allen wa IBM, mwanamke wa kwanza kupewa Tuzo ya Turing, mwaka 2006, waliufanyia kazi miaka mingi kabla ya simu za mkononi kuenea. Kompaila ya GCC, ambayo ni ya bure, ilianza kugeuza mizunguko kuwa vekta yenyewe katika toleo la 4.0 la mwaka 2005. Hata hivyo ilichukua hadi toleo la 12, mwaka 2022, kwa kazi hiyo kuwashwa moja kwa moja katika kiwango cha uboreshaji ambacho watu wengi hukitumia. Miaka 17! Kwa muda wote huo asiyejua kuomba hakupewa.

Kompaila hukataa kwa sababu za maana. Haina ruhusa ya kubahatisha. Kama mbolea ya shimo la pili inategemea iliyobaki kwenye shimo la kwanza, wachimbaji hawawezi kwenda sambamba, na kompaila ikiona dalili yoyote ya utegemezi wa namna hiyo inarudi kwenye moja moja. Vilevile orodha mbili za namba zaweza kuwa zinakalia sehemu ileile ya kumbukumbu, kuandika kwenye moja kukavuruga nyingine. Tangu mwaka 1999 lugha ya C ina neno maalumu la kuiahidi kompaila kwamba orodha hizo hazigongani. Mwandishi asiyeliandika anaiacha kompaila na wasiwasi wake.

Kikwazo kingine ni desimali. Iambie kompyuta ijumlishe 0.1 na 0.2, kisha iongeze 0.3, nayo kwa kawaida itatoa 0.6000000000000001. Anza na 0.2 na 0.3, kisha ongeza 0.1, itatoa 0.6. Kujumlisha kwa vekta hubadilisha mpangilio, na kwa hiyo huweza kubadilisha jibu. Kompaila inayokataa kufanya hivyo kwenye hesabu za SACCOS inastahili pongezi. Kwenye picha ya jani la mgomba tofauti hiyo haina uzito wowote, ila ni lazima binadamu atoe ruhusa, na wengi hawajui kuwa ruhusa hiyo ipo.

Atakayesema haya ni mambo ya maabara aangalie Nuru. Ni programu ya PlantVillage ya Chuo Kikuu cha Penn State, iliyotengenezwa pamoja na taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA. Inazungumza Kiswahili na inatambua magonjwa ya mihogo bila intaneti. Msingi wa utafiti wake ni picha zilizopigwa kwenye mashamba ya majaribio ya IITA nje ya Bagamoyo. Mwaka 2020 Latifa Mrisho na wenzake walichapisha matokeo ya kuipima. Ikiangalia jani moja tu, Nuru ilipatia kwa asilimia 65. Ikiangalia hadi majani 6 ya mmea, usahihi ulipanda kufikia kati ya asilimia 74 na 88.

Majani 6 ni kazi mara 6. Kwa mfano, MobileNet, modeli ya kutambua picha ambayo Google iliitoa mwaka 2017 mahsusi kwa simu, huhitaji kuzidisha na kujumlisha karibu mara milioni 569 kwa picha moja ya pikseli 224 kwa 224. Kwa majani 6 hesabu hizo zinapita bilioni 3.4. Mkulima ambaye simu yake inakawia kwa jani la kwanza hatapiga la pili, achilia mbali la sita. Kasi ya hesabu, basi, inageuka kuwa usahihi wa ushauri, na usahihi huo ndio unaoamua kama shina litang'olewa au litaachwa.

Kilimanjaro ina kila sababu ya kulibeba jambo hili. Ukifuata barabara ipitayo Bomang'ombe kwenda Arusha unafika Tengeru, ilipo Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela. Watafiti wake wamekusanya picha za migomba yenye Sigatoka nyeusi na mnyauko fuzari kwa ajili ya kufundishia mashine. Na ndani ya Hai yenyewe, Lyamungo, ipo Taasisi ya Utafiti wa Kahawa, TaCRI, ambayo kutu ya majani na chulebuni ni adui zake wa kila siku. Kwenye kihamba kimoja, yaani shamba la nyumbani, migomba na mibuni huishi pamoja. Picha zipo, wataalamu wapo, simu zipo. Hatua kati ya modeli iliyofundishwa na simu iliyo mkononi ndiyo inayosahaulika.

Hatua hiyo inataka umakini. Prosesa ya Cortex-A53 ya mwaka 2012, iliyojaa kwenye simu za bei ya chini kwa miaka mingi, haina amri ya kuzidisha namba za biti 8 nne nne na kujumlisha kila fungu kuwa namba moja ya biti 32 kwa mpigo mmoja. Mrithi wake, Cortex-A55 wa mwaka 2017, kwa kawaida anayo. Programu iliyoandaliwa kwa ajili ya A53 peke yake inafanya kazi kwenye zote mbili, lakini kwenye simu mpya amri hiyo inakaa bila kazi. Dawa ni kuandaa njia mbili ndani ya programu moja, nayo ichunguze prosesa kabla ya kuchagua.

Wapo wanaosema maktaba za programu za Google na wengine zimeshamaliza kazi hii. Wana haki kwa sehemu. Hesabu za modeli yenyewe kweli zimeshughulikiwa na mabingwa. Lakini kusoma picha, kuipunguza ukubwa, kubadilisha mpangilio wa rangi na kuchambua majibu huandikwa na mtengenezaji mwenyewe, na hapo ndipo mizunguko ya moja moja hujificha. Wengine husema picha itumwe kwenye kompyuta kubwa ya mbali. Bando analipa nani, na mtandao kwenye mabonde ya mlimani je?

Vyuo navyo vina deni. Mwanafunzi anayefundishwa Python pekee huandika mzunguko unaopita pikseli moja baada ya nyingine, jibu likatoka, akapewa alama zake zote. Hakuna aliyemwonyesha kwamba hesabu ileile ikikabidhiwa kwa safu za maktaba ya NumPy hufanywa na msimbo uliokwisha kupitishwa kwenye kompaila, wenye kutumia vekta. Wala hajaambiwa kwamba kompaila ya GCC au Clang ikiombwa huandika ripoti ya kila mzunguko ilioshindwa kuugeuza, pamoja na sababu. Ripoti hiyo ni bure.

Halmashauri, vyuo na wafadhili wanaolipia programu za kilimo wana nguvu ya mkataba mikononi mwao. Waandike sharti kwamba programu ipimwe kwenye simu za bei ya chini zinazouzwa Bomang'ombe, sekunde na chaji zikiandikwa, na ripoti ya kompaila iambatanishwe kabla ya malipo ya mwisho. Mtengenezaji atakayeshindwa kutimiza hayo arudishiwe kazi yake aimalizie.