Kibao cha Bia Nacho ni Kumbukumbu

Wamoja wetu wanasema: kibao cha bia si mila, kitupwe. Sisi tunakataa, na si kwa kusifu ulevi.

Kinywaji cha mababu ni kasiksi ya ndizi. Hiyo haikuhitaji kibao: kila mtu alijua ni nyumba gani wamekamua. Kibao kililetwa na kiwanda. Primus ilianza Léopoldville mwaka 1926. Bralima ikajenga Bukavu mwaka 1950, na Gisenyi ikapata Bralirwa mwaka 1957. Upande wa Uganda, kiwanda cha Port Bell kilianzishwa mwaka 1946. Basi katika mji wa mpaka kama Bunagana, jina lililochorwa ukutani linaonyesha bia ilipita njia gani: ya Goma na Rutshuru, ao ya Kisoro. Hiyo si historia?

Wenye kuona haya watuambie: nani mwingine aliandika habari za kabare zetu? Bunagana iliingia mikononi mwa M23 Juni 2022. Juni 2025 Heineken, wakati huo mwenye hisa nyingi katika Bralima, ilitangaza kwamba imepoteza usimamizi wa shughuli zake Bukavu na Goma. Kiwanda kikinyamaza, kibao ndicho kinabaki kusema kilikuwepo.

Njo maana tunasema: mbele ya kupaka rangi mpya, ao kufanya kibao kuwa mlango wa choo, piga picha, andika mwaka na jina la kabare. Kisha umuulize mama mwenye kujua kasiksi, kwani yeye hakuachiwa kibao. Asiyetunza vyote viwili asitufundishe mila.