Soko la Mtaa ni Afya ya Nyumba

Mwezi huu tumeona vyema tuzungumze juu ya soko. Huenda mtu akauliza, soko lamhusu nini muuguzi? Latuhusu sana. Chakula cha watoto wetu hutoka huko, na akina mama wengi tunaowahudumia hushinda huko tangu alfajiri.

Mfikirieni mama auzaye mchicha mahali pasipo na choo. Hujinyima maji kutwa nzima, na haja ikimshika huibana. Mara nyingi mwisho wake ni maradhi ya njia ya mkojo. Akiwa na mtoto mchanga, hana kivuli cha kumnyonyeshea. Mtaro ukiziba, inzi hutoka kwenye uchafu wakatua juu ya samaki. Kipindupindu kilipotushika Zanzibar mwaka 2015 na 2016, tulikumbushwa kwamba maji safi na choo si anasa.

Hapa Unguja tunalo soko la Darajani, ambalo jengo lake lilijengwa mwaka 1904. Jina hilo latokana na daraja lililovuka mkono wa bahari kati ya Mji Mkongwe na Ng'ambo, kabla haujafukiwa. Sifa nyingi zimeuendea Mji Mkongwe, uliotiwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Lakini wakazi wengi wa mjini wako Ng'ambo, na maduka na magenge yao yahitaji kutunzwa vilevile.

Ndiyo maana tulifurahi katika miaka ya 2010, pale idara ya serikali ya mipango miji, ikishirikiana na mji wa Amsterdam wa Uholanzi, ilipotayarisha mpango ulioitwa Ng'ambo Tuitakayo. Wakazi walishirikishwa kusema sehemu gani wanazithamini. Tazameni jina lenyewe: tuitakayo, si waitakayo. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mchoraji wa ramani aweza kuwa bingwa, lakini ni muuzaji ajuaye jua la saa nane hupiga wapi na maji ya masika hutuama wapi.

Yako pia mafunzo ya Forodhani. Bustani ile ilipotengenezwa upya, wauzaji wa vyakula walihamishwa kwa muda, kisha wakarudi baada ya kufunguliwa mwaka 2009. Kwa mama ambaye chakula cha leo chategemea mauzo ya leo, hata kuhama kwa muda ni jambo zito. Soko jipya linalopendeza macho huku likimwacha yeye nje, halijamfaa.

Basi akina mama, sheha akiita mkutano wa mipango ya mtaa, tusiwaachie wanaume peke yao. Tukubaliane mapema nani atasema, na tuulize haya: Wakati wa ujenzi tutauzia wapi? Tutarudi lini, na kodi itakuwa kiasi gani? Choo cha wanawake kitakuwa wapi, na nani atakisafisha? Maji ya kunawa je? Taka zitazolewa siku zipi? Majibu yaandikwe, na nakala ibaki kwetu.

Si lazima kungoja mpango mkubwa. Wauzaji wa genge moja waweza kuanza na ndoo ya maji yenye bomba, sabuni, na zamu ya kuzibua mtaro. Wakizoea kukaa pamoja kwa hayo, siku ya mkutano hawatakosa la kusema.

Hadi mwezi ujao, tunawatakieni afya njema.