Nauli Nafuu za Ndege: Kikwazo Hakiko Angani

Katika Kiswahili, neno "rahisi" hubeba maana mbili: jambo lisilo gumu na kitu kisichogharimu fedha nyingi. Nikiwa mwalimu wa isimu, nimeona jinsi maana hizi zinavyochanganywa kila unapozuka mjadala kuhusu mashirika ya ndege ya nauli nafuu. Wapo wanaodhani kwamba nauli ikiwa rahisi, basi hata kuipunguza lilikuwa jambo rahisi. Wapo pia ambao, kwa kukumbuka kwamba cha rahisi ni ghali, hudai kuwa kilichopunguzwa ni usalama wa abiria. Dhana zote mbili zina kasoro, na zinatuzuia kuuliza swali la msingi: kwa nini mashirika haya yamestawi Marekani na Ulaya, ilhali katika Afrika Mashariki yangali yanachechemea?

Hebu tuangalie chanzo chake. Shirika la Southwest lilianza safari mwaka 1971 kati ya miji ya Dallas, Houston na San Antonio. Kwa kuwa safari hizo zote zilikuwa ndani ya jimbo la Texas, halikufungwa na mamlaka ya serikali kuu iliyokuwa ikiyapangia mashirika mengine njia na nauli. Mwaka uliofuata lililazimika kuuza mojawapo ya ndege zake nne. Hata hivyo, liliendelea na ratiba ileile kwa ndege tatu, kwa kuhakikisha kwamba kila ndege iliyotua iliondoka tena baada ya dakika kumi hivi. Siri ilikuwa hiyo: ndege huleta fedha ikiwa angani, na ikiegeshwa huwa mzigo kwa mwenyewe. Mbinu nyingine za mashirika ya aina hii ni kutumia aina moja ya ndege ili marubani, mafundi na vipuri viwe vya namna moja, kuuza tiketi bila kupitia mawakala, na kumtoza abiria kando kwa chakula na mizigo. Mbinu hizi hazimwondolei mwenye ndege wajibu wa matengenezo wala leseni, kwani sheria za usalama ni zilezile kwa wote.

Hata hivyo, mbinu pekee hazikutosha. Ilibidi sheria nayo ibadilike. Marekani iliondoa udhibiti wa nauli na njia mwaka 1978. Umoja wa Ulaya ulifungua soko lake kwa awamu kuanzia mwaka 1993, na kufikia mwaka 1997 shirika la nchi yoyote mwanachama liliweza kuruka kati ya miji yoyote ya Umoja huo. Ni katika mazingira hayo ndipo Ryanair ya Ireland na easyJet ya Uingereza, iliyoanza mwaka 1995, zilipokua hadi kuwatisha wakongwe.

Tukirejea kwetu, mbegu ilipandwa. Mnamo Novemba 2012, Fastjet ilianza kuruka kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza na Kilimanjaro kwa nauli iliyoanzia shilingi 32,000 za Tanzania kabla ya kodi. Aprili 2014, Jambojet, tawi la Kenya Airways, ilianza safari za Nairobi hadi Mombasa, Kisumu na Eldoret kwa nauli iliyoanzia shilingi 2,850 za Kenya. Fastjet ilifika Nairobi mwaka 2016, lakini ikasitisha shughuli zake Tanzania mwishoni mwa mwaka 2018 ikiwa imeelemewa na madeni. Jambojet imedumu, na mwaka 2024 ilianza kwenda Zanzibar.

Kinachozuia mmea huu kutanda ni nini? Kwanza ni gharama: mafuta na ndege zenyewe hununuliwa kwa dola, ilhali abiria hulipa kwa shilingi. Pili ni ada. Sheria ya Kenya imekuwa ikimtoza abiria wa safari ya ndani shilingi 600, na wa safari ya kimataifa dola 50, yaani takriban mara kumi zaidi. Kutoka Nairobi hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 400 kwa ndege, na hadi Kilimanjaro hazifiki 300. Hivyo basi, anayesafiri karibu zaidi ndiye anayetozwa zaidi, kwa sababu tu amevuka mpaka. Akirudi, upande wa pili nao humsubiri na ada zake. Shirika lipunguze nauli litakavyo, ada hiyo haipungui.

Tatu ni milango iliyofungwa. Mwaka 1999, mawaziri wa Afrika walikubaliana mjini Yamoussoukro kufungua anga ya bara hili. Ilichukua hadi Januari 2018 kwa soko moja la usafiri wa anga kuzinduliwa na mataifa 23. Kenya na Rwanda zilikuwemo, lakini Tanzania na Uganda hazikuwemo. Haikuwa sadfa kwamba Tanzania ilikuwa ikifufua shirika lake la taifa, na Uganda ikafufua lake mwaka 2019.

Simbezi hofu ya serikali hizo. Viwanja hujengwa kwa fedha, na mashirika ya taifa huajiri raia. Isitoshe, nauli nafuu si kinga dhidi ya kufilisika. Shirika la Freddie Laker, lililowavusha watu Atlantiki kwa bei ya chini, lilianguka mwaka 1982, na Spirit ya Marekani iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai mwaka 2024 na tena mwaka 2025. Lakini iwapo shirika la taifa hudumu tu kwa kumnyima abiria chaguo, basi anayeligharimia ni abiria huyo, pamoja na yule mlipa kodi ambaye hajawahi kupanda ndege.

Suala hili linatuhusu sisi wa darasani. Mwalimu wa Kisumu anayefunza Mombasa akipata msiba nyumbani, hukesha ndani ya basi usiku kucha. Mwanafunzi wa Arusha anayesomea Nairobi huona ndege zikipita juu yake na kujua kwamba si zake. Jumuiya ya Afrika Mashariki huimba wimbo wa umoja, nayo huzitoza safari za jirani kwa jirani kana kwamba ni za ng'ambo.

Pendekezo langu ni moja: safari za ndege baina ya nchi wanachama zitozwe ada kama za ndani. Serikali zitapoteza kiasi kwa kila abiria, lakini abiria watakuwa wengi zaidi. Wenye ndege walikwisha kufanya hesabu hiyo tangu zamani. Sasa ni zamu ya mawaziri wetu wa fedha. Bila hivyo, nafuu itabaki kuwa tangazo gazetini.