Eti watu wa kale walivaa ngozi tu?

Shuleni tulipewa mistari miwili: watu wa kale walivaa ngozi, wakala nyama na mizizi. Kisha huyoo, tukahamia Misri.

Hebu turudi hapa Njoro. Mwaka 1938 Mary na Louis Leakey walichimba pango kando ya Mto Njoro, wakakuta mabaki ya watu karibu 80 waliochomwa baada ya kufa, miaka kama 3,000 iliyopita. Walizikwa na mabakuli ya mawe, michi na mawe ya kusagia. Moto uleule ukageuza vibuyu na chombo cha mbao chenye nakshi kuwa makaa, ndiyo maana havikuoza. Na shanga sasa! Mamia, za mawe ya rangi. Mtu anayekaa chini kutoboa kijiwe kigumu hivyo ili apendeze shingoni anajua fasheni, usinidanganye.

Visu vyao? Jiwe jeusi la volkano linalong'aa kama chupa. Mengi ya mawe hayo yalitoka Mlima Eburru.

Halafu kuna Hyrax Hill, kilomita chache tu kutoka mjini. Matatu za Nairobi hupita hapo kutwa. Mashimo ya bao yamechongwa kwenye mwamba wenyewe, na wengi wetu hatujawahi kushuka tukayaona. Lakini picha za mkahawa mpya tunazo.

Mnaotengeneza hereni na bangili hapa Nakuru, acheni kuiga Instagram kwanza. Na mwalimu wa historia, tafadhali, toa watoto darasani. Nauli ni ya chapati madondo tu.