Nani anamupigia shofere telefone?

Ndani ya geti ya mine, kila mutu anajua sheria. Ukipanda motokari ya kazi, unafunga mukaba mbele ya kuwasha moteri. Telefone inabaki mufukoni, imezimwa. Ukifuata kamio kubwa za shimoni unaacha nafasi ya mita hamsini ao zaidi, na kama hauoni vioo vyake vya pembeni, unajua shofere wake naye hakuoni. Asubui unapuliza ndani ya ile mashine ya kupima pombe. Anayevunja sheria anaandikiwa barua, na siku ingine anarudishwa nyumbani moja kwa moja. Hatulalamiki juu ya hayo. Sheria zile zimeokoa watu, na zingine ni sisi wa sendika tulizipigania.

Kisha saa ya kutoka inafika. Mutu yule yule anapita geti, anaingia ndani ya IST ao Vitz ao Corolla ya zamani, wane nyuma, wawili mbele pamoja na shofere, mukaba hakuna, na shofere anashika usukani na mukono moja kwa sababu mukono mwingine umeshika telefone. Mbele yao kuna kamio ya tani 40. Hakuna mutu anayesema kitu. Wengine wamekwisha kusinzia, wametoka kazi ya usiku.

Leo tunataka kuzungumuzia jambo ambalo watu wa Kolwezi wanalichukua kama kitu kidogo: kumuingia mwenzako nyuma. Katikati ya muji, kwenye dodane ya Manika ao karibu na soko, ni kweli, mara nyingi inaishia kwa taa iliyovunjika na matusi mawili matatu. Watu wanashuka, wanapatana bei ya parashoki, polisi wa rulaji anafika na yeye anataka yake, kila mutu anaenda. Ndiyo maana watu wanasema "bamemuingia nyuma" na wanacheka. Lakini kwenye barabara kubwa ya taifa, ile inayotoka kwetu kwenda Fungurume, Likasi mpaka Lubumbashi, kugonga nyuma ni jambo la jeneza.

Tupige hesabu pamoja, ni hesabu ya darasa la sita. Motokari inayokimbia kilometa 80 kwa saa inapita mita 22 kila segonde. Meseji inaingia. Shofere anashusha macho, anaona jina, anasoma maneno matano, anainua macho. Ni segonde tatu, tena kama ni mutu mwepesi. Mita 66 zimepita naye hakuona kitu. Akitaka kujibu "niko njiani", hesabu segonde tano: mita 110, kiwanja cha mupira kutoka goli mpaka goli, na kioo cha mbele ni kama kimefunikwa na gunia. Na hapo bado hajagusa fereni. Toka macho kuona mpaka muguu kukanyaga, segonde ingine inapita, ni mita zingine 22. Kisha motokari yenyewe, hata ikiwa na pine nzuri na barabara kavu, inaomba zaidi ya mita 30 mbele ya kusimama. Sasa wewe abiria angalia nafasi ambayo taksi yako inaacha nyuma ya kamio. Mita kumi. Siku ingine mita sita, unaweza kusoma namba ya pine ya akiba.

Na ile kamio ya mbele haina ahadi na wewe. Inaweza kupunguza ghafla juu ya shimo, juu ya mbuzi, juu ya mutoto anayevuka na bidoni ya maji, juu ya foleni ya peaji. Ao imesimama kabisa, imekufa katikati ya njia tangu jana, bila taa, bila ile alama nyekundu ya pembe tatu, na onyo lake ni matawi ya miti yaliyotupwa chini. Muchana matawi yanaonekana. Usiku, ndani ya vumbi la mwezi wa nane, unayaona wakati umekwisha kuyakanyaga.

Tueleze tena kitu ambacho shofere wengi wa motokari ndogo hawakukifikiri. Motokari yako ilitengenezwa ili pua yake ikunjike inapogonga. Ile kukunjika ndiyo inameza nguvu, na wewe ndani unabaki muzima. Lakini kamio iko juu. Kama nyuma haina chuma cha kuzuia, ao chuma kile kimepinda na kuoza, pua ya Vitz inapita chini bila kugusa kitu cha maana. Kitu cha kwanza kukutana na bodi ya kamio ni kioo cha mbele, na nyuma ya kioo ni vichwa vya watu. Ile baluni ya upepo ndani ya usukani, wengi wananunua motokari ambayo baluni yake ilikwisha kupasuka kwa mwenye nayo wa kwanza, ng'ambo. Wanaendesha kibandiko tu.

Kuna pia upande wa usukani. Sisi hapa tunaendesha kwa kuume. Motokari nyingi zinatoka Japani, zinapitia Dar es Salaam na Zambia, na usukani wake uko kuume, maana kule wanapita kushoto. Hapa kwetu shofere wa namna hii anakaa upande wa mufereji. Akitaka kupita kamio, hawezi kuona mbele mpaka atoe motokari karibu nzima katika njia ya wale wanaokuja. Kwa hiyo anafanya nini? Anasogea karibu kabisa na mukia wa kamio, anachungulia, anarudi, anachungulia tena, anamuuliza abiria wa kushoto: "Iko bule? Nipite?" Abiria ambaye hajashika usukani maisha yake yote anakuwa shofere musaidizi. Kumbe kusogea karibu ndiko kunamuzuia kuona. Ukibaki nyuma mbali, barabara inafunguka pembeni mwa kamio na unaona nani anakuja. Chagua muti ao nguzo. Kamio ikipita pale, hesabu polepole segonde mbili. Kama umefika kwenye muti mbele ya kumaliza, uko karibu sana. Mvua ikinyesha, hesabu ine. Ikiwa mbele ni tanki, ongeza tena.

Juu ya tanki, wasomaji wa Fungurume na Tenke hawana lazima ya kufundishwa. Tarehe 20 mwezi wa pili 2019, pale Kabwe, kamio iliyobeba tindikali ya sulfuriki kuelekea mine ya Mutanda ilipata aksida pamoja na basi ya abiria. Watu karibu makumi mawili walikufa, na wengine waliungua na tindikali. Ni barabara ile ile tunayoipita kila wiki, na kamio za namna ile ziko kila siku, pamoja na zile za chokaa na zile za shaba zinazoshuka Kasumbalesa. Shofere wa motokari ndogo anayechati nyuma ya tanki, hachezi na parashoki tu.

Sasa tufike kwenye neno tunalotaka kusema kweli. Kila mara watu wanamulaumu shofere, na wana haki. Lakini telefone haikuamuka yenyewe. Kuna mutu upande wa pili.

Mutu wa kwanza ni mukubwa wa kazi. Tunajua sosiete za sutretansi ambazo shofere wao anaitwa mara tano kati ya Kolwezi na Likasi. "Umefika wapi? Tuma picha tuone." Tuma picha, ukiwa unaendesha! Asipopokea, kesho anaulizwa sababu. Sosiete ileile, kwenye ukuta wa ofisi yake, imebandika picha ya telefone iliyokatwa na musitari mwekundu. Hii hatuwezi kuiita usalama wa kazi. Shofere anawekwa kati ya barua ya kosa ndani ya geti na barua ya kosa nje ya geti, na yeye anachagua ile isiyomufukuzisha leo.

Mutu wa pili yuko nyumbani, na hapa tunawaomba wamama watusikie bila kasirani. Papa ametoka kazi ya usiku, ulisikia mvua imenyesha, roho haikai. Unaita. "Uko wapi?" Hajibu. Unaita tena, unaita mara ya tatu. Tunaelewa, ni upendo, na katika muji huu mama ana sababu za kuogopa. Lakini kama anaendesha yeye mwenyewe, kila ile simu inamutolea macho barabarani. Mupatane mbele ya kutoka: atakuita akiwa mbele ya geti na moteri imezimwa, kisha hautaita mpaka afike. Na kama amepanda taksi, amuambie shofere aweke telefone yake chini. Mutu anayelipa franga zake ana haki ya kusema. Wakiwa sita ndani na wote wakisema, shofere ataiweka.

Wengine watatuambia: wacha polisi wafanye kazi yao. Vema. Kodi ya barabara yetu ni sheria namba 78-022 ya tarehe 30 mwezi wa nane 1978. Wakati ule hakuna mutu aliyekuwa na telefone ndani ya mufuko. Na kwenye kituo cha rulaji, kitu cha kwanza wanachouliza ni makaratasi, kwa sababu makaratasi ndiyo yanaleta mazungumuzo. Hatujaona mara nyingi shofere akisimamishwa juu ya kufuata kamio karibu sana. Tukingojea pale, tutangoja.

Kuna jambo lingine ambalo familia nyingi hazijui, na kwa kutojua wanapoteza haki. Sheria namba 16/009 ya tarehe 15 mwezi wa saba 2016, ile ya CNSS (wazee bado wanasema INSS), inahesabu aksida ya njiani kama aksida ya kazi. Maana yake: mufanyakazi akiumia ao akifa kati ya nyumba yake na kazi, kwenda ao kurudi, ni kama ameumia kazini, mradi hakukata njia wala kugeuka kwa mambo yake mwenyewe. Aliyepitia kwanza kwa rafiki kunywa bia mbili, tayari kuna mabishano. Aliyetoka geti moja kwa moja ndani ya taksi, hakuna mabishano. Mujane na watoto wana haki ya kudai.

Lakini haki ile inatembea na karatasi. Mara nyingi tunakuta familia wamezika, wamemaliza matanga, kisha baada ya miezi ndipo wanakuja kuuliza. Proseverbali ya polisi hakuna, kwa sababu shofere wawili walipatana pale pale. Majina ya waliokuwa ndani ya taksi hakuna. Sosiete inasema: sisi hatukujulishwa. Kwa hiyo, aksida ikitokea, mukitaka musitake, polisi waandike. Shikeni majina na namba za wale walioona. Julisheni sosiete na delege wa sendika siku ile ile, ili sosiete itoe tangazo kwa CNSS bila kukawia. Na aliyegongwa kutoka nyuma aende kwa munganga hata kama anajisikia muzima. Kichwa kinaporushwa nyuma, shingo inaweza kuanza kuuma kesho yake, na kama hakuna karatasi ya leo, wataambia kwamba aliumia akibeba makala nyumbani. Kile kiegemezo cha kichwa ambacho watu wanakitoa ili kiti kionekane kizuri, kazi yake ni kuzuia ile shingo. Kirudisheni, na kifike usawa wa masikio.

Kwa mufanyakazi wa sutretansi hali ni mbaya zaidi. Wengine hawakuandikwa hata siku moja kwenye CNSS, ingawa kila mwezi wanaona kwenye karatasi ya mushahara kwamba kitu kimekatwa. Kila mutu aombe namba yake, leo akiwa muzima. Ombi hilo halina ubaya wowote, na mukubwa anayekasirika kwa kuulizwa namba amekwisha kujibu.

Tunaomba delege wa kila mine walete mambo mawili kwenye kamati ya usalama na usafi wa kazi. La kwanza, iandikwe kwamba ni marufuku kumupigia shofere aliye njiani, na kwamba anayeita ndiye anaandikiwa barua, awe nani. Shofere atasimama kwenye fasi zilizopangwa na kutoa habari pale. La pili, basi za sosiete zibebe pia watu wa sutretansi wanaotoka kazi ya usiku. Viti vitupu viko, tunaviona kila asubui vikipita Kapata na Luilu, wakati wenzetu wanabanana sita ndani ya IST nyuma ya kamio. Tunataka jibu la maandishi mbele mvua hazijaanza.