Nani Anamfuatilia Mgonjwa Wetu?



Mwezi huu tunapenda kuzungumza juu ya kazi ambayo katika nyumba nyingi humwangukia mama bila yeye kuulizwa: kumfuatilia mgonjwa.

Tuchukue mfano wa familia moja ya Ukonga. Baba ana kifua kikuu na anachukua dawa katika zahanati ya jirani. Bibi ana shinikizo la damu, na kliniki yake iko Amana. Mtoto wa miaka 3 haongezeki uzito. Kila mmoja ana kadi yake na tarehe yake. Nesi anayempima mtoto hajaambiwa kwamba nyumbani kuna mtu mwenye kifua kikuu, kumbe mtoto huyo angestahili kuchunguzwa, na akionekana hana ugonjwa apewe dawa za kinga. Dawa zipo na wauguzi wapo. Anayekosekana ni mtu mmoja wa kuitazama familia yote kwa pamoja.

Maafisa ustawi wa jamii huiita kazi hiyo usimamizi wa mashauri. Hatua zake ni kuitambua shida, kuipima, kupanga pamoja na wenye nyumba, kuwaelekeza panapostahili, kisha kurudi kuangalia kama wamesaidiwa. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayosahauliwa. Kumwandikia mgonjwa karatasi ya rufaa ni rahisi. Kujua kama alipata nauli ya kwenda ni jambo jingine.

Tusidhani utaratibu huu ni mgeni kwetu. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma, kwa ushauri wa Dk. Karel Styblo. Kila mgonjwa aliandikwa katika daftari na kufuatiliwa, ikajulikana nani amepona na nani ameacha dawa. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani liliueneza utaratibu huo katika nchi nyingi. Hapa jijini, PASADA ya Jimbo Kuu la Dar es Salaam ilianza kule Temeke mwaka 1992, na wahudumu wake wakawafuata wagonjwa wa UKIMWI hadi majumbani. Januari 2024 serikali nayo ilizindua mpango wa kuandaa wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000 katika miaka 5. Lakini mwanzoni mwa 2025, misaada ya Marekani iliposimamishwa, tuliona jinsi huduma za namna hii zinavyoweza kuyumba kwa siku chache.

Je, sisi tufanye nini?

Kwanza, tuwe na daftari moja la nyumba. Tuandike jina la kila mgonjwa, dawa zake, tarehe ya kurudi na mahali. Tukienda kliniki tulichukue, na tumweleze daktari habari za wagonjwa wengine waliomo nyumbani.

Pili, tumfahamu afisa ustawi wa jamii. Hospitali kubwa zinaye, na familia isiyo na uwezo wa kulipa inapaswa kumwona mapema, isisubiri deni likue. Barua ya serikali ya mtaa husaidia.

Tatu, mgonjwa achague mtu wa kumsimamia dawa. Dawa za kifua kikuu cha kawaida huchukua miezi 6, na wengi hujisikia vizuri baada ya miezi 2 wakaziacha. Hapo ndipo ugonjwa hurudi ukiwa sugu. Msimamizi si lazima awe mke. Kaka au kijana mkubwa wa nyumbani anaweza.

Nne, jumuiya zetu zigawane zamu. Mmoja ampeleke bibi Amana, mwingine abaki na mtoto. Na siri ya mgonjwa isitoke nje ya wale aliowakubali mwenyewe. Mgonjwa aliyetangazwa mtaani hatafungua mlango mara ya pili.

Mwisho, tumtazame na mama mwenyewe. Anayehesabu vidonge vya wote mara nyingi hana wa kumwuliza kama amelala au amekula. Jina lake nalo liandikwe katika lile daftari, pamoja na tarehe yake ya kupima afya.