Tubadili Mchezo, Tusihubiri Tabia

Wako wasemao kwamba watu wa Katoro hatuna ustaarabu barabarani. Ushahidi wao ni njia panda: basi la Bukoba lataka kupita, lori lataka kupita, bodaboda zimekwisha kujipenyeza katikati, na mama mwenye beseni la dagaa kichwani angojea huruma ya dereva. Dawa yao ni semina na faini. Mimi naikataa dawa hiyo.

Ndugu msomaji, jiulize. Kabla ya daraja la Kigongo–Busisi kufunguliwa Juni 2025, dereva huyu huyu alipanga foleni ya kivuko kwa utulivu. Je, ustaarabu wake ulizama ziwani? La hasha! Kivukoni kulikuwa na zamu, na mkorofi hakupata faida. Njia panda mkorofi ndiye apitaye. Mpole huachwa amesimama.

Wataalamu wa hesabu walikwisha kulichambua jambo hili. Mwaka 1944 John von Neumann na Oskar Morgenstern walichapisha kitabu cha nadharia ya michezo. John Nash, aliyeiendeleza, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1994. Mcheza bao yeyote ataielewa: kila mmoja huchagua akitazama atakachofanya mwenzake. Njia panda, aonyeshaye kwamba hatasimama humlazimisha mwenzake asimame. Basi kila dereva hujitia wazimu, na siku wanapojitia wazimu wote wawili, sisi tunakwenda kuokota maiti.

Faini haiondoi hayo. Trafiki akiwepo, watu hutulia. Akienda kunywa chai, mchezo hurudi pale pale. Semina nayo humfundisha dereva upole, kisha humrudisha mahali ambapo upole ni hasara.

Kinachotakiwa ni kubadili mchezo wenyewe. Kipilefti humlazimisha kila mmoja kupunguza mwendo, na kanuni yake ni moja: mpishe aliye kulia kwako. Matuta kabla ya kivuko cha waenda kwa miguu humnyima mwenye lori faida ya ukubwa wake. Vijiwe vya bodaboda vikisogezwa mbali na mdomo wa njia panda, kila mtu atamwona mwenzake mapema. Hayo hayahitaji fedha za barabara za juu kama zile za Ubungo.

Wenye mamlaka ya barabara wasitudai umalaika. Watujengee njia panda ambayo hata mkorofi atapata faida kwa kumpisha mwenzake.